Stempu za Visiwani Ndani ya Masanduku Yetu: Historia Inayopita Gitega na Muyinga



 Safari hii tumeacha kidogo mada zetu za kawaida, tukazungumze juu ya kitu kidogo sana, kinachoweza kufichwa na ukucha wa kidole gumba. Tunazungumzia stempu ya posta, au tembre kama wengi wetu tunavyozoea kusema kwa kufuata Kifaransa.

Gitega iko juu milimani katikati ya Burundi. Muyinga iko kaskazini mashariki, jirani na mpaka wa Tanzania pale Kobero. Kote kuwili hakuna bahari wala harufu yake. Lakini Waislamu wa miji hii wana habari nyingi za bahari katika historia yao. Waliotangulia kuleta Uislamu na Kiswahili katika nchi hii walikuwa wafanyabiashara, wapagazi, askari na makarani waliotoka mwambao na visiwani, wakapitia Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Usumbura kwenda Gitega mwaka 1912, walifuatana na watu wa namna hiyo. Watu hao walikuwa na mama zao, ndugu zao na madeni yao huko walikotoka, na mtu aliye mbali na kwao huandika barua.

Ndiyo maana tunasema kwamba anayetaka kukusanya stempu za nchi za visiwani asianze kwa kununua. Aanze kwa kumuuliza bibi. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Burundi kuna sanduku la bati au mkoba wa ngozi wenye hati za ndoa, mikataba ya viwanja, picha za zamani, na barua. Barua nyingine zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na vijana wa leo hawawezi kuzisoma. Kwa kuwa hawawezi kuzisoma huziona takataka, na hapo ndipo hasara inapoingia. Kwanza tusimulie historia yenyewe, kisha tutarudi kwenye sanduku.

Serikali kuwa na mfumo wa kupeleka barua si jambo geni katika historia ya Kiislamu. Dola ya Bani Umayya ilikuwa na barid, yaani wapanda wanyama waliobadilishana kwenye vituo njiani, na Bani Abbas wakauendeleza mpango huo. Ibn Khordadbeh, aliyeandika kitabu maarufu cha njia na nchi, alikuwa mkuu wa barid katika jimbo la Jibal huko Uajemi. Ila barid ilikuwa ya watawala. Raia wa kawaida alimpa barua msafiri na kumwombea dua. Stempu ya kubandika, ambayo mtu yeyote huinunua na barua yake ikaenda, ilianza Uingereza mwaka 1840.

Visiwa vya Bahari ya Hindi havikuchelewa sana. Mauritius ilitoa stempu zake mwaka 1847, ya penny moja na ya pence mbili, na hizo za mwanzo ni miongoni mwa stempu zinazotafutwa zaidi duniani. Mwaka 1993 kampuni za Mauritius zilichanga fedha nyingi kuzinunua mbili na kuzirudisha nyumbani, na leo zimewekwa katika jumba la makumbusho la Port Louis. Hizo tuwaachie wenye mabenki. Maldives, nchi ya visiwa ya Waislamu, ilianza mwaka 1906 kwa kutumia stempu za Ceylon zilizopigwa chapa ya jina lake juu, na mwaka 1909 ikatoa za kwake zenye picha ya mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Malé. Ni nzuri, na zile za thamani ndogo si ghali hata leo.

Lakini kwetu sisi kisiwa ni Unguja. Posta ya kwanza Zanzibar ilifunguliwa na serikali ya India mwaka 1868. Ilifungwa baada ya muda mfupi, ikafunguliwa tena mwaka 1875. Mtu wa Zanzibar aliyeandika barua wakati huo alibandika stempu ya India yenye sura ya Malkia Victoria, na kitu pekee kilichoonyesha kwamba barua imetoka Zanzibar ni muhuri wa posta uliopigwa juu yake. Msomaji aukumbuke muhuri huo, tutauhitaji mbele. Wafaransa nao walikuwa na posta yao hapo Unguja tangu 1889 hadi 1904, na Wajerumani wakafungua ya kwao mwaka 1890 wakaifunga mwaka uliofuata. Mji mmoja wa mawe ukawa na posta za mataifa matatu!

Mwaka 1895 posta ya India iliondoka na Zanzibar ikaanza ya kwake. Stempu mpya zilikuwa bado hazijachapishwa Ulaya, basi wakachukua zile zile za India wakazipeleka kwenye mtambo uliokuwa ukichapa gazeti la serikali hapo mjini, zikapigwa neno Zanzibar kwa wino mweusi. Kazi ilifanywa kwa haraka na herufi zilipangwa kwa mkono, kwa hiyo makosa yakaingia. Linalojulikana zaidi ni pale herufi b ilipogeuka d, ikasomeka "Zanzidar". Leo stempu yenye kosa hilo ina bei kubwa kuliko iliyo sahihi, na kwa sababu hiyo hiyo matapeli wameighushi mara nyingi. Kijana akiuziwa Zanzidar sokoni kwa bei ya kilo ya sukari, ajue amenunua karatasi.

Stempu zenye sura ya Sultani zikatoka mwaka 1896. Sura iliyochorwa ilikuwa ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, na yeye alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo huo. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga. Vita hivyo havikumaliza saa moja, na huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia. Akatawazwa Sayyid Hamoud bin Muhammad. Lakini stempu zenye sura ya Hamoud hazikutoka mpaka 1899. Kwa miaka mitatu barua za Zanzibar zilisafiri na sura ya marehemu, kama kwamba habari za msiba hazijafika posta.

Baada ya hapo kila Sultani ana ukurasa wake katika albamu. Za Sayyid Ali bin Hamoud za mwaka 1904 zina alama ya jina lake badala ya sura. Wapo wazazi wanaotuuliza kuhusu picha za viumbe kwenye stempu. Hukumu yake tunawaachia masheikh, ila tunaona vyema kutaja kwamba mwenye kutaka kujiepusha anaweza kukusanya zenye misikiti, majahazi, ramani na maandishi peke yake, na albamu yake ikajaa. Sayyid Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hadi 1960, na stempu za zama zake ndizo zinazopatikana kwa wingi. Wengi wanaoanza huanza na hizo, nazo zina jahazi zuri sana. Ya mwaka 1944 iliadhimisha miaka mia mbili ya ukoo wa Al Busaidi, ukihesabu tangu 1744 huko Oman.

Ndani ya stempu hizo mna somo la fedha ambalo mwalimu wa hesabu angelipenda. Mwanzoni bei ziliandikwa kwa anna na rupia, na anna 16 ndiyo rupia moja. Mwaka 1908 Zanzibar ikageukia senti mia kwa rupia, na 1936 ikaja shilingi. Kwa Wajerumani wa bara rupia ilikuwa pesa 64, kisha kuanzia 1905 ikawa heller 100. Neno pesa limetoka India. Heller ya Mjerumani ndiyo hela yetu ya Kiswahili, na ndiyo amahera ya Kirundi. Mama anayeuza mchicha sokoni Muyinga akidai amahera yake, anataja sarafu ya Mjerumani iliyokufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Na hapa historia ya visiwa inakutana na ya kwetu. Stempu ambazo Wajerumani walizitumia Afrika Mashariki tangu mwaka 1901 zilikuwa na picha ya merikebu, ile iliyoitwa Hohenzollern ya Kaiser wao. Posta ya Usumbura nayo iliuza stempu hizo hizo. Basi barua iliyotoka Burundi, nchi isiyo na pwani, ilibeba picha ya meli ya baharini! Juni 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia. Wakachukua stempu za Kongo wakazipiga chapa juu kwa Kifaransa na Kiflemi kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya Ubelgiji. Mwaka 1924 zikapigwa chapa ya Ruanda-Urundi. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, zile za Ruanda-Urundi zikapigwa chapa ya Ufalme wa Burundi, na ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, stempu za ufalme zikapigwa chapa ya Jamhuri.

Msomaji ameshaona mwendo. Serikali hubadilika kwa siku moja, lakini mtambo wa kuchapa stempu hauna mbio hizo. Kinachofanyika ni kuandika jina jipya juu ya jina la zamani, na yote mawili hubaki yanasomeka. Sisi kwa maoni yetu tunaona stempu hizi zilizopigwa chapa juu zina elimu kuliko zile za rangi za kupendeza, kwa sababu hazikutengenezwa ili zipendeze. Zilitengenezwa na watu waliokuwa na haraka.

Hakuna mfano mkubwa kuliko wa Zanzibar yenyewe. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza na stempu nne zikatolewa. Moja ilikuwa na picha ya misikiti na makanisa kuonyesha uvumilivu wa dini, nyingine pango la Mangapwani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Posta ilikuwa na shehena ya stempu za usultani, na watu walikuwa bado wana barua za kutuma. Tarehe 17 Januari, siku tano tu baada ya Mapinduzi, stempu zikaanza kuuzwa zikiwa zimegongwa muhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Muhuri mwingine umekaa upande, mwingine umefifia, mwingine umempitia Sultani usoni. Mwisho wa Februari zikaja zilizochapwa kwa mtambo, zimenyooka.

Hatukuleta habari hii ili kufufua ugomvi. Katika wasomaji wetu wapo ambao ndugu zao walifurahi Januari ile, na wapo ambao ndugu zao waliuawa au wakakimbia. Wote wawili, wakiitazama stempu ile, wanaona kitu kimoja na hawaoni kitu kimoja. Kwa mkusanyaji kuna jambo la kuongeza: muhuri wa mpira mtu yeyote anaweza kuuchonga, na za kughushi ni nyingi. Barua nzima, iliyopita posta kweli, yenye tarehe ya Januari 1964, ndiyo ya kuaminika.

Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hata baada ya Muungano, mpaka mwisho wa 1967. Tangu Januari 1968 hakuna tena stempu ya Zanzibar peke yake. Kwa hiyo ni ukusanyaji wenye mwanzo na mwisho, kuanzia 1895 hadi 1967, jambo linalomfaa mwanafunzi asiye na fedha nyingi. Hatafukuza kitu kisichokwisha.

Kisiwa cha Mafia kina kisa chake kidogo. Waingereza walikiteka Januari 1915 na kwa muda kikawa na stempu zilizogongwa muhuri wa Mafia. Ni adimu mno na zimeghushiwa mno, tupite.

Komoro ni jambo jingine. Wafaransa walikipa kila kisiwa stempu zake: Maore na Nzwani mwaka 1892, Ngazija 1897, Mwali 1906. Kisha wakaviunganisha vyote na Madagaska, na kwa miaka mingi barua ya Moroni ilibeba stempu ya Madagaska. Mwaka 1950 Komoro ikapata tena za kwake, na humo mna misikiti miwili, wa Moroni na wa Ouani kule Nzwani. Mwaka 1954 ikaongezwa ya samaki anayeitwa gombessa. Wataalamu walidhani samaki huyo alikwisha toweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka akavuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938 na mwingine Komoro mwaka 1952. Subhanallah, wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, hawakuulizwa tu.

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na hapo tena zikapigwa chapa juu, État Comorien. Maore ilibaki na Ufaransa, na kuanzia 1997 hadi 2011 ilikuwa na stempu zenye jina lake. Visiwa vinne vya watu wa dini moja na ukoo mmoja, vikatenganishwa hata kwenye bahasha.

Baada ya uhuru Komoro iliingia katika biashara ambayo hatuipendi. Mawakala wa nje walichapisha kwa jina lake mamia ya stempu za mambo yasiyoihusu, kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Tusiwacheke, maana Burundi nayo mwaka 1968 ilitoa stempu za Olimpiki ya michezo ya theluji ya Grenoble, na hakuna mtu wa Gitega aliyewahi kuteleza juu ya theluji. Zipo pia ambazo serikali husika haikuziagiza kabisa. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, tangu 2002 umeshiriki kuweka orodha yenye namba za stempu zilizotolewa kihalali na nchi zilizojiunga nayo. Mwenye intaneti aitazame kabla ya kununua pakiti ya stempu mpya za visiwani zenye picha za magari na wacheza sinema.

Sasa turudi kwenye sanduku la bibi.

Kosa linalofanywa na watoto wengi, na watu wazima pia, ni kuikata stempu kwenye bahasha na kutupa bahasha. Wanadhani thamani iko kwenye stempu. Stempu ya Sayyid Khalifa ya bei ndogo ni ya kawaida, zipo maelfu. Lakini bahasha yenye stempu hiyo, muhuri wa Zanzibar wenye tarehe, na anwani ya mtu wa Kitega, Urundi, huenda isiwe na ya pili. Humo mna jina la babu kama lilivyoandikwa na ndugu yake, kabla ya karani wa Kibelgiji kulibadilisha tahajia. Mna mtaa aliotoka. Mara nyingine muhuri wa nyuma huonyesha mji ambao barua ilipitia njiani. Ukikata pembe moja kwa mkasi, ushahidi wote huo umekwenda na moto wa jikoni.

Na sisi Waislamu wa Burundi hatuna ushahidi wa kuchezea. Miaka ya 1972 na 1993 nyumba ziliteketea na watu wakakimbilia Tanzania na Kongo na walichovaa mwilini. Wengi wa Muyinga walivuka mpaka wakakaa makambini miaka mingi. Waliporudi, hati hazipo. Leo kijana akiulizwa ukoo wake ulifika lini na kutoka wapi, anajibu kwa kukisia. Familia nyingine zenye asili ya Oman zinaweza kufuata safari ya jamaa zao kwa bahasha tu: mpaka 1963 barua zina stempu za Zanzibar, kisha kimya, halafu tangu 1966 zinakuja na stempu za Muscat na Oman, na kuanzia 1971 zimeandikwa Usultani wa Oman. Barua zenyewe huenda zinasema habari za harusi na bei ya vitambaa, lakini stempu zinaeleza nani alihama na lini.

Basi tunashauri hivi. Bahasha ya kabla ya mwaka 1970 isikatwe, isirowekwe, isifutwe. Iwekwe ilivyo ndani ya karatasi safi, mbali na jua, na juu kutoka sakafuni, maana mvua zetu za masika hupandisha unyevu hata kwenye sanduku la bati. Barua iliyo ndani ibaki na bahasha yake. Ikiwa ni ya herufi za Kiarabu, isomwe leo na mzee anayeweza, na mtoto aandike pembeni yake kwenye daftari, si juu ya barua. Bahasha za kisasa ndizo za kufanyia mazoezi: kipande chenye stempu kinarowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, stempu inajibandua yenyewe, inakaushwa juu ya kitambaa na kulazwa katikati ya kitabu kizito. Zile za siku hizi zinazojibandika bila kulowanishwa mara nyingi hazikubali maji, hizo ziachwe na karatasi yake. Kushika kwa koleo ndogo ni bora kuliko vidole vyenye mafuta ya sambusa.

Kwa kuanzia mtoto hahitaji albamu ya dukani. Daftari la kurasa nene linatosha, ukurasa mmoja kwa kila kisiwa, na chini ya kila stempu aandike mambo matatu: imetoka wapi, mwaka gani, na nani alimpa. Hilo la tatu wakusanyaji wa Ulaya hawaliandiki sana. Kwetu ndilo tungeanza nalo, kwa sababu bibi aliyefungua sanduku leo, inshallah, tumwombee umri, lakini hatutakuwa naye kila mwaka wa kumwuliza.